Wanaotoka Kule

Simu ililia wakati Rébecca alikuwa anakanda unga wa mikate ya kukaanga, mikono yake yote miwili imezama ndani ya beseni. Aliyeipokea ni mumewe, Kasonia, aliyekuwa anapiga randa mbao za mlango uani.

"Allô? Ni papa ya Abigaïl?" Sauti ilikuwa ya mwanamume, Kiswahili chake kimejaa Lingala. "Mimi ni adjudant Benoît, niko ku Beni. Binti yenu iko hapa kwetu. Iko muzima."

Kasonia alikata simu. Akaiweka juu ya mbao, akashika randa tena.

"Nani?" Rébecca aliuliza.

"Escroc. Banajua majina ya watoto wetu sasa."

Matapeli wa namna hiyo walikuwa wengi. Walitafuta familia zilizopoteza mtu upande wa Mbau, wakapiga simu, wakasema mtu wenu yuko hai, tumeni pesa ya usafiri. Abigaïl alikuwa amechukuliwa na waasi wa msituni katika shamba la kakao la nyanya yake, msimu mmoja uliopita. Nyanya alipatikana palepale, amekatwa. Binti hakuonekana. Kanisa lilikuwa limekwisha kuwaombea wote wawili, wakazika jeneza moja, na picha ya binti ilining'inia sebuleni na utepe mweusi pembeni.

Simu ikalia tena. Kasonia alitaka kumtukana huyo mtu, akafungua mdomo, akasikia:

"Tata. Ni mimi."

Alimwendea mkewe, akamshikia simu sikioni, kwa sababu mikono ya Rébecca ilikuwa na unga. Rébecca alisikiliza. Akakaa chini kwenye vumbi la mbao.

*

Siku iliyofuata walipanda taxi mpaka Beni. Njiani Rébecca alikuwa amejiandaa jinsi atakavyomkumbatia mtoto wake. Lakini mlango wa ile ofisi ya jeshi ulipofunguliwa, aliyeingia alikuwa msichana mwembamba aliyefunika kichwa kwa kitambaa mpaka nyusi, anatembea akiangalia vidole vya miguu yake. Mama alibaki amesimama na mikono wazi, kana kwamba anangoja mwingine aingie nyuma ya huyo. Kasonia ndiye aliyemwendea kwanza.

"Tumemuuliza yote," adjudant Benoît alisema. "Tumemaliza. Hana kosa. Alitoroka, patrouille yetu ikamupata barabarani pembeni ya Mbau. Hizi siku alikuwa analala kwangu, na bibi yangu."

Mkewe alikuwa amesimama dirishani. Aliitwa Kapinga, mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Kasaï, ameletwa na kazi ya mumewe. Yeye ndiye aliyempa Abigaïl gauni alilovaa, na viatu.

"Mama, mumupikie vitu laini kwanza," Kapinga alisema. "Na usiku akiamka akilia, musimushike ghafla. Mumuite tu jina."

"Merci, madame," Rébecca alijibu. Hakumpa mkono. Hakukusudia ubaya, kwao Butembo mwanamke mwema hakuzoeana na watu wa kambini, na mkono wake ulijua hivyo kabla yeye mwenyewe hajafikiri.

Ndani ya taxi, walipopita Kabasha, alimwinamia binti yake.

"Alikulalisha wapi, ule mwanamuke?"

"Kwa kitanda ya watoto wake."

"Basoda ba kambi hawakukuya karibu yako? Sema kweli. Basoda ni basoda."

Abigaïl aligeuza uso dirishani. "Balinipa uji, Mama," alisema. Baada ya hapo hakusema tena mpaka Butembo.

*

Mtaa wao wote wa Kimemi ulikuja. Wanawake waliimba toka barabarani mpaka ndani ya ua wa parcelle, wakacheza, wakamwaga machozi, wakamshika Abigaïl mashavu wakisema wasingya, wasingya Nyamuhanga, asante Mungu. Picha ilitolewa ukutani. Shemasi Jéthro, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, alileta jogoo na kuomba sala ndefu.

Ilikuwa wakati wa kula ndipo kitu kilipobadilika. Abigaïl alitoka na kopo la maji, akanawa mikono, akanawa uso, akanawa miguu mpaka kwenye kifundo, polepole, kisha akarudi kukaa. Alipopewa nyama alisukuma sahani pembeni na kuuliza kwa sauti ndogo nani amechinja.

"Shemasi ndiye amechinja," Kasonia alisema. "Kula, mwanangu."

"Samahani," Abigaïl alisema. "Kule ukikula bila kuuliza, banakupiga. Ni mazoea tu." Akachukua kipande, akakila. Lakini watu walikuwa wamekwisha kuangaliana. Wageni waliokuwa wanasema watabaki mpaka jioni walikumbuka kazi zao mmojammoja. Mama mmoja alipokuwa anavaa viatu mlangoni alimwambia mwenzake kwa Kinande, akidhani hasikiki, "Wamemrudisha mwili. Roho wameiacha kule."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi, wateja wa mikate ya Rébecca walianza kupungua. Hakuna aliyemtukana. Mmoja alisema daktari amemkataza mafuta. Mwingine alisema watoto siku hizi wanapenda mkate wa boulangerie. Walimsalimia vizuri kabisa wakipita ng'ambo ile ya barabara, ambapo zamani hawakupita.

*

Jumapili walivaa vizuri wote watatu. Pale kanisani, tangu mashambulizi yalipokaribia, watu wa protocole walisimama kwenye geti na kupekua mikoba. Jéthro ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Alimpa Kasonia mkono, akampa Rébecca mkono. Mbele ya Abigaïl alirudisha mkono wake nyuma ya mgongo.

"Abigaïl aikale pale chini ya bâche," alisema. "Kuna viti. Kuna haut-parleur, atasikia culte yote."

Chini ya turubai, ng'ambo ya geti, walikaa watu kama kumi. Wakimbizi kutoka Oicha na Eringeti, mzee mmoja, akina mama wenye watoto mgongoni.

"Huyu ni mutoto wa hapa," Kasonia alisema. "Wewe mwenyewe ulikuwa pale tukimubatiza."

"Papa Abi, hata mimi naumia. Mais tulifanya kikao. Tulisema wote wanaotoka kule, waikale nje kwanza, mpaka tuwajue. Tulisema wote."

"Huyu munamujua."

"Nilimujua kabla ya kwenda." Jéthro alishusha sauti, na kweli uso wake ulikuwa na huzuni. "Na ile pendekezo haikutoka kwangu. Ilitoka kwa Mama Rébecca. Alisema, usalama haiangalie sura."

Kasonia aligeuka kumtazama mkewe. Hakujua. Rébecca alikuwa ameinua mkono katika kikao kile siku ambazo machozi ya jeneza yalikuwa bado hayajakauka, na alipokuwa anasema "wanaotoka kule" alikuwa anaona machoni pake watu wengine kabisa: wapita njia waliobeba magodoro wasiojulikana wanakwenda wapi, wafanyabiashara wenye kofia nyeupe, wageni wenye lugha zisizoeleweka. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na uso wa Abigaïl.

"Ngoja niingie niongee na Mupasta," alisema haraka. "Nitapanga. Nakuya sasa hivi."

Akaingia. Mchungaji alikuwa tayari mbele, chorale ilikuwa imesimama, na nafasi yake katika mstari wa kwanza ilikuwa wazi inamngoja. Mwenzake alimsogezea kitabu cha nyimbo. Rébecca alisema moyoni, nitaimba huu mmoja kisha nitoke. Waliimba huo, wakaimba wa pili. Matangazo yakafuata, halafu sadaka. Alipotoka, ibada ilikuwa imekwisha, na Kasonia na binti yake walikuwa wamekaa chini ya turubai, bega kwa bega, jua limewafikia magotini.

"Ulipanga?" Kasonia aliuliza.

Rébecca alikuwa bado ameshika kitabu cha nyimbo mkononi.

*

Wiki ile ile habari mbaya zilifika tena kutoka barabara ya Mbau. Watu walikuwa wameuawa ndani ya nyumba zao. Na habari iliyosambaa kuliko zote, katika simu na pale bombani, ilisema adui aliingizwa na msichana aliyewahi kutekwa, aliyepokelewa kwa huruma na jamaa zake. Hakuna aliyejua ilitoka wapi. Kila mtu aliirudia kama aliyekuwepo.

Rébecca aliisikia sokoni. Alirudi nyumbani mapema. Abigaïl alikuwa anafua uani, mgongo wake umegeuka. Mama aliingia chumbani kwa binti, akafunga mlango polepole, akainua godoro. Akaingiza mkono ndani ya foronya ya mto. Akachukua mfuko mdogo ambao binti alikuja nao kutoka Beni, akaumwaga juu ya kitanda: gauni, kipande cha sabuni, chanuo, chupi mbili. Akapapasa pindo za gauni, moja baada ya nyingine. Aliviangalia vidole vyake kama vidole vya mtu mwingine. Alikuwa anatafuta nini? Hakujua kinafanana na nini. Alijua tu kwamba amekuwa akilala na shoka chini ya kitanda tangu mtoto wake arudi, na kwamba Kasonia hajui.

Mlango ulifunguliwa. Abigaïl alisimama na ndoo ya nguo zilizokamuliwa.

Walitazamana.

"Tafuta vizuri, Mama," Abigaïl alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma Rébecca zaidi. "Mulitafuta ndani ya kanda ya viatu? Kule bakipekua, njo banaanziaka pale."

Akaweka ndoo chini, akavua kandambili, akamsogezea mama yake kwa mguu, kisha akatoka kwenda kuanika.

*

Kwa sababu wateja wa nyumbani walikuwa wamekimbia, Kasonia alipendekeza mikate iuzwe Rughenda, kando ya kiwanja cha ndege, ambapo hakuna anayewajua. Abigaïl mwenyewe alikubali kwenda. Alisema amechoka na ukuta. Aliondoka na beseni kichwani, limefunikwa kitambaa cheupe ili vumbi lisiingie.

Alisimama karibu na wauza ndizi. Mwanamke mmoja aliyetoka Kimemi kutembelea dada yake alimtambua.

"Ule si mutoto wa Kasonia? Ule alitoka msituni?"

Dada yake, muuza ndizi, aliuliza kwa sauti kubwa, "Weka beseni chini. Iko nini ndani?"

"Mikate," Abigaïl alisema.

"Funua tuone."

Hakufunua. Baadaye hakuweza kueleza kwa nini. Mikono ilikufa tu, alisema, kama ilivyokuwa inakufa kule mtu akipaza sauti. Alibaki ameshika beseni kichwani, macho chini. Wale wanawake wakaanza kurudi nyuma. Mtu mmoja nyuma yao, ambaye hakuwa ameona lolote, alipiga ukelele wa neno moja, "Bombe!", na barabara nzima ikakimbia. Ndizi zilikanyagwa. Mzee alianguka. Motards waliacha pikipiki zao zinaunguruma.

Walikimbilia wapi? Walimkimbilia Lévi.

Lévi alikuwa mtoto wa shemasi Jéthro. Alikuwa ameingia maquis ya wanamgambo miaka michache kabla, na wakati ule walikuwa na kituo chao pale Rughenda, vijana watatu wanne kando ya njia. Alikuwa na bunduki begani na grenade mbili zimening'inia mkandani kama mapera. Macho yake yalikuwa mekundu tangu asubuhi. Kila mtu aliyeishi pale alijua kwamba vijana hao walitoza wauza mkaa kwa nguvu, na kwamba mwaka uliopita risasi ya mmoja wao ilimuua dereva aliyechelewa kusimama. Hata hivyo akina mama walijificha nyuma ya mgongo wake, wakamshika shati, grenade zikiwagusa mikono.

"Weka chini!" Lévi alisema, bunduki imeinuliwa. "Vua kitambaa ya kichwa!"

Waliwahi kucheza mpira wa matambara katika uchochoro mmoja, yeye na Abigaïl. Alimjua vizuri. Lakini aliogopa kuliko yeye, na bunduki hakuishusha.

Jiwe la kwanza lilitoka pembeni, likampiga msichana kwenye bega. La pili lilipiga beseni. Likaanguka, kitambaa kikafunuka, na mikate ikabingirika vumbini mpaka miguuni pa Lévi. Mikate ya mviringo, ya kahawia, bado ya moto kidogo.

Hakuna aliyecheka, hakuna aliyeomba samahani. Watu walisimama wakiitazama. Kisha yule mwanamke wa ndizi alisema, kama anayejitetea mbele ya hakimu, "Sasa tungejua namna gani?"

Abigaïl alikuwa amevua kitambaa cha kichwa kama alivyoamriwa. Nywele zake zilikuwa zimenyolewa vibaya, na nyuma ya sikio palikuwa na kovu refu ambalo hata mama yake hakuwahi kuliona.

*

Jioni Jéthro alikuja. Alikaa ukingoni mwa kiti, kofia magotini.

"Nimemugombeza Lévi," alisema. "Na nakuomba pardon, Papa Abi. Mais nimetumwa pia. Batu ya avenue banaomba mumupeleke mutoto fasi ingine kwanza. Kwa muda. Hatusemi ni mubaya. Tunasema hatujui."

"Lévi munamujua?" Kasonia aliuliza.

"Ni mutoto wetu."

"Ameua mutu. Wewe unajua, mimi najua. Jumapili iliyopita aliingia kanisani na ile grenade ndani ya koti, akaikala benchi ya tatu. Protocole ilimufungulia geti. Ni wewe ulimufungulia."

Jéthro aligeuza kofia yake magotini. "Lévi akifanya mubaya, ni Lévi," alisema hatimaye. "Bale ba kule, mutu haonaki mubaya inatokea wapi. Papa Abi, wewe unasahau juu ya ndugu yangu. Alimufungulia mutoto mwenye njaa, akamupa chakula. Usiku ule mutoto alifungua mlango kutoka ndani. Tulizika watu sita. Sasa mimi nikiona mutu anatoka kule, hata kama ni malaika, mukono yangu inarudi nyuma. Hiyo ni zambi? Niambie kama ni zambi."

Kasonia alijua habari hiyo ni ya kweli. Alikuwa mmoja wa waliochimba makaburi.

"Haiko zambi kuogopa," alisema mwishowe. "Mais mbona tunachagua? Basoda bote tunawaogopa, juu mmoja aliiba mbuzi. Bale ba kofia bote, juu ya bale ba msituni. Bakasai bote. Na batoto yetu benye bunduki, tunahesabu mmojammoja, tunasema huyu ni muzuri, ule ni Lévi tu. Mutoto yangu mbona hakuhesabiwa peke yake?"

"Mama Rébecca," Jéthro alisema, kana kwamba anaomba msaada, "wewe unasema nini?"

Rébecca alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Wote wawili walimgeukia. Alifungua mdomo, na kilichotoka kilimshangaza hata yeye.

"Pengine kwa muda tu," alisema.

Nyuma ya mlango wa chumba cha binti, kitanda kililia. Kasonia alimtazama mkewe kama mtu aliyepigwa kofi na mgeni barabarani.

Asubuhi chumba kilikuwa kitupu. Gauni la Kapinga halikuwepo, wala kandambili. Kasonia alizunguka Kimemi yote, akauliza kwenye kituo cha taxi, akaambiwa msichana mwenye kitambaa kichwani alipanda gari la Beni bila nauli, dereva akamhurumia. Aliporudi hakumwambia Rébecca neno la ukali. Alichukua tu nyundo, akaenda kupigilia mlango wa mteja, akapiga mpaka ubao ukapasuka.

*

Mvua ilikuwa inanyesha Rébecca alipofika kwenye nyumba za maaskari pale Beni. Aliulizia kwa Kapinga mwalimu. Wanawake walimwonyesha kwa kidevu na kuendelea kumtazama mgongoni. Alibisha. Mlango ulifunguka upana wa kiganja, mnyororo haukutolewa.

"Ni nani?"

"Mama ya Abigaïl. Wa Butembo."

"Uko peke yako?"

"Peke yangu."

"Ngoja." Mlango ukafungwa. Rébecca alisimama chini ya mchirizi wa bati, maji yanamwingia shingoni, mpaka jirani mmoja, mke wa askari, alipokuja na kusimama karibu akiwa na mchi mkononi. Ndipo mnyororo ukatolewa.

"Usikasirike, Mama," Kapinga alisema. "Bwana yangu haiko. Batu ya Butembo mimi nawaogopa. Siku ya maandamano balinipiga mawe niko na mimba, juu ya bwana yangu ni soda. Ile mimba haikubaki. Tangu pale, mutu akisema Butembo, nafunga."

Rébecca hakujua pa kuweka macho. "Na mutoto yangu? Yeye pia ni wa Butembo. Na ametoka kule."

"Nilimuogopa mara mbili. Hata sasa sijalala vizuri."

"Na ulimufungulia juu ya nini?"

Kapinga alifikiri, kama mtu asiyewahi kuulizwa. "Alikuwa ameikala pale inje, analoa. Niliona nitaogopa tu, akiwa inje ao akiwa ndani. Basi aogopewe akiwa amekauka."

Abigaïl alikuwa chumbani, anachambua maharage na watoto wawili wa Kapinga. Alimwona mama yake, hakuinuka. Watoto walitolewa. Rébecca alikaa chini kwenye mkeka, mbali kidogo, kisha akajisogeza.

"Unaniogopa, Mama?"

Njiani kote Rébecca alikuwa ametayarisha maneno ya kukataa. "Naogopa," alisema. "Nimekuya nikiogopa. Niko naogopa hapa."

Abigaïl aliendelea kuchambua. Lakini alivuta ungo katikati yao.

"Nyumbani hakuna mutu aliniuliza," alisema baada ya muda. "Bote balikuwa banaangalia tu. Hata Tata."

"Nakuuliza sasa."

Basi akaeleza. Hakueleza yote, na sauti yake haikupanda. Rébecca alisikia mambo ambayo masikio ya mama hayakuumbwa kuyasikia, na mikono yake ikawa inachambua maharage yale yale mara mbili mbili. Kisha Abigaïl alisema:

"Aliyenifungua kamba alikuwa bibi ya mukubwa wao. Mwanamuke wa kwao kabisa, anasali kama wao. Alinionyesha njia ya muto. Sijui balimufanya nini kisha."

"Wa kwao?"

"Wa kwao. Na siku bale balikuya shambani, Mama, aliyewaongoza aliongea Kinande ya kwetu, ile ya Mbau. Nyanya alimusalimia. Alimuita mwanangu. Alidhani amekuya kusaidia kuvuna."

Rébecca aliacha maharage. Alitaka kuuliza huyo alikuwa nani, mtoto wa nani, wa kanisa gani. Hakuuliza. Alimshika binti yake kichwani, juu ya zile nywele zilizonyolewa vibaya, na kwa mara ya kwanza kidole chake kikapita juu ya lile kovu.

"Twende nyumbani," alisema.

"Nyumbani balisema nitoke, kwa muda tu."

Rébecca alilala pale, juu ya mkeka.

Asubuhi walikwenda pamoja kuchota maji. Wake wa maaskari walikuwa wamepanga mstari, wanacheka, wanagombana kidogo. Walipowaona hao wawili wanashuka, kicheko kilikatika. Mmoja alivuta mtoto wake nyuma ya kitenge. Mwingine aliinua bidon yake, akarudi nyuma hatua kadhaa, na wengine wakamfuata, mpaka bomba likabaki peke yake katikati, maji yanamwagika bure.

Rébecca alisimama. Tangu azaliwe hakuwahi kukimbiwa na mtu. Yeye, mama wa chorale, aliyejulikana Kimemi yote kwa mikono safi. Alihisi uso unawaka. Alitaka kuwaambia jina lake, jina la baba yake, kanisa lake.

"Mbona banatuangalia hivi?" alinong'ona. "Mimi nimewafanya nini?"

"Usiwaangalie sana, banaogopa zaidi," Abigaïl alisema. "Chota pole pole, mikono ionekane. Kisha useme mbote."

Rébecca aliinama. Alichota polepole, mikono yake ikionekana. Bidon ilipojaa aliinua kichwa na kuwasalimu wale wanawake kwa Lingala, neno moja alilolijua. Kisha mmoja wao, yule mwenye mtoto, akaitikia, bila kusogea karibu.